Kilwa Ilijengwa na Wageni Waliolala

Hotuba kwa waongoza watalii, wenye mashua na wenye nyumba za wageni, Kilwa Masoko

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Mabibi na mabwana, hamjambo. Na ninyi vijana wa boti na bodaboda mliojibanza mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo, na maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuinua utalii wa ukanda wetu wa kusini. Hotuba za namna hii tunazijua zinavyokwenda. Msemaji anasimama, anataja fukwe, anataja magofu, anataja mikoko, mapango, pomboo, ngoma za asili, halafu anasema "tuna kila kitu ila hatujatangazwa", watu wanapiga makofi, chakula kinaletwa. Mimi leo sitawatajia vivutio kwa kuvipanga mstari. Mmezaliwa navyo. Nataka tuulizane jambo moja tu: mgeni akishafika Kilwa, analala? Na akilala, analala usiku mmoja au mitatu?

Nasema hivyo kwa sababu tumeanza kulewa na jambo moja. Meli kubwa ya watalii ikitia nanga hapo nje, mji mzima unachangamka. Ngoma inapigwa ufukweni, viongozi wanavaa vizuri, picha zinajaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata wageni hawajakanyaga mchanga. Ni furaha, na sisemi meli zisije. Zije hata kila wiki. Lakini tuwe wakweli. Wageni wale wanateremshwa kwa boti za meli yao wenyewe. Wanazunguka Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu, wanapiga picha, wanarudi kula melini. Jua likizama, meli imeng'oa nanga. Kiingilio kimelipwa, mwongozaji kapata chake, mama mwenye mikoba ya ukili kauza miwili, mitatu. Je, mwenye gesti hapo Masoko kapata nini? Mvuvi mwenye pweza wake je? Muuza maandazi? Mwenye bajaji? Wamepata picha kwenye simu.

Mgeni anayelala ni mwingine kabisa. Huyu anakula usiku, anakunywa chai asubuhi, ananunua maji, anataka dawa ya mbu, anafuliwa nguo, anauliza kuna nini kingine cha kuona. Yule wa meli anaacha ada. Huyu anaacha riziki kwenye nyumba nyingi, hata nyumba ambazo hazijui kama zimo kwenye biashara ya utalii.

Na hili si jambo geni kwetu. Kilwa yenyewe ilijengwa na wageni waliolala. Naomba mnivumilie niwarudishe nyuma kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mabaharia mliopo mnajua pepo za kaskazi na kusi kuliko mimi. Vyombo vya Uarabuni, Uajemi na Gujarati vilishuka na kaskazi, vikarudi kwao na kusi. Sasa chukua ramani. Kutoka kule mpaka Kilwa, chombo kiliweza kufika kwa msimu mmoja. Lakini dhahabu haikuwa Kilwa. Dhahabu ilitoka bara, nchi ya Zimbabwe ya leo, ikashuka pwani Sofala, huko Msumbiji. Mfanyabiashara wa ng'ambo akitaka kuifuata mwenyewe hadi Sofala, upepo ulimwacha. Angerudi kwao mwaka mwingine. Kwa hiyo wengi waliishia hapa. Watu wa Kilwa ndio walioishika biashara ya Sofala, dhahabu ikaja hapa, pembe za ndovu zikaja hapa, na mgeni akakaa kungoja upepo ugeuke. Akakaa miezi. Miezi yote hiyo alikula chakula cha nani? Alilala kwa nani? Alioa wapi? Wengine wetu humu ndani ndio jibu la swali hilo la mwisho.

Nendeni mkaitazame Husuni Kubwa, lile jumba la kale la Kisiwani, kwa jicho hilo. Sultani al-Hassan bin Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linaloitazama bahari. Ina vyumba zaidi ya mia moja. Wageni wote mnawapeleka kwenye birika la pembe nane, na ni haki, maana ni birika la ajabu. Lakini upande wa kusini wa jumba kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, na wataalamu waliouchimba wanaona ulikuwa mahali pa bidhaa na biashara. Yaani Sultani alikuwa na makazi yake na ghala lake chini ya paa moja. Aliwaweka wafanyabiashara karibu, mahali anapoweza kuwaona. Huyo ndiye mwenye hoteli wa kwanza wa Kilwa, kama mtaniruhusu mzaha.

Mwaka 1331 akaja msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco. Aliandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Waongoza watalii wote hapa mnalijua hilo, na mnalisema kila siku. Ila naona mnaishia hapo, na mnaacha hadithi yenyewe aliyoisimulia. Niruhusuni niisimulie.

Sultani alikuwa akitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Akatokea fakiri mmoja kutoka Yemen, akamwambia, nataka hizo nguo ulizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, zile za kwanza akamwachia fakiri. Watu wakamsifu sana. Mtoto wa Sultani akazikomboa zile nguo za baba yake kutoka kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia namna watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ndiyo maana walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Alipokufa, akatawala nduguye Daud, na huyu alikuwa kinyume chake: maskini akija kuomba alimwambia, mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Hadithi tamu. Na ina mwiba ndani yake, mmeusikia: watumwa kumi, na kumi tena. Nimewahi kumsikia mwongozaji akiisimulia vizuri mno, mwenye sauti na mikono, na alipofika pale akasema "akampa zawadi nyingi". Akapita. Mgeni hakujua kama kuna kitu kimerukwa.

Ndugu zangu, msiruke. Najua kwa nini tunaruka. Tunataka mgeni aondoke na Kilwa ya dhahabu na kaure za China. Lakini watu wanaosafiri siku hizi wamesoma. Wanajua kwamba mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka. Wanajua kwamba karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa kwenye pwani hii, na misafara ilitoka mpaka Ziwa Nyasa. Nyumba nyingi humu zina bibi au babu aliyefika pwani kwa njia hiyo. Hatulitaji sebuleni, lakini tunalijua. Mgeni akikuuliza, ukajikanyaga, hatakuamini tena hata unapomwambia urefu wa msikiti. Ukimweleza bila kupamba na bila kukwepa, atakaa. Atataka kesho umpeleke Kivinje akaone mwenyewe.

Na Kivinje kuna mengi ya kumfanya mtu akae. Kuna boma la Wajerumani linaloitazama bahari, milango ya nakshi inayooza huku wenyewe tukiipita, na kuna Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, pamoja na wenzake, kwa kukataa kutawaliwa na Wajerumani. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa dawa ya maji iliyovipa vita hivyo jina, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kutoka Kivinje kwenda Nandete ni mwendo wa gari ndani ya wilaya hiihii. Basi niambieni: ni mgeni gani, awe wa Ujerumani au wa Mbagala, atasikia mfululizo huo kisha aseme nimemaliza Kilwa, naondoka na basi la alfajiri?

Anaondoka kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mwongozaji wa Kisiwani anamaliza Kisiwani na kumuaga. Hamwambii habari za Kivinje kwa sababu Kivinje kuna mwongozaji mwingine. Wa Kivinje hataji mapango ya Matumbi kwa sababu hana gari. Wa Masoko hataji Songo Mnara kwa sababu safari ni ndefu na anaona mgeni atalalamikia bei ya mafuta. Kila mtu anauza kipande chake na kumwachia mgeni mlango wa kutokea wazi.

Songo Mnara hasa ndiyo inaniuma. Ni mji mzima. Kuna misikiti mitano, jumba la kifalme, na nyumba za mawe zipatazo 33, za karne ya 14 na 15, kuta zimesimama mpaka unaona dirisha la mtu, kibaraza cha mtu, mahali alipoweka taa. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia pamoja kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kwa hiyo mgeni aliyeona Kisiwani peke yake ameona nusu ya kile alichokifuata. Lakini Songo Mnara huwezi kwenda saa unayotaka wewe. Unakwenda saa inayotaka bahari. Maji yakitoka, mashua inakwama mbali na mgeni anatembea kwenye tope la mikoko na viatu mkononi. Mwenye mashua anajua lazima waondoke alfajiri. Mwenye gesti hajui, au hajali: chai yake inaiva saa moja na nusu.

Nakaa hapo kidogo, kwa sababu utalii wa kusini unafia kwenye chai ya saa moja na nusu. Tunazungumza habari za uwanja wa ndege, mabango, na balozi zetu nje. Sawa. Lakini mgeni anataka chandarua kisicho na tundu. Anataka kitasa kinachofunga. Anataka ndoo iwe na maji jioni anaporudi na chumvi mwilini. Anataka kuambiwa leo usiku kwamba kesho saa kumi na moja na nusu kutakuwa na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina umefungwa kwenye mfuko wa kwenda nao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfadhili. Kinahitaji mwenye gesti awe na namba ya simu ya nahodha, na ratiba ya maji kujaa na kupwa ibandikwe mapokezi, pale pale kwenye bango la "usivute sigara".

Na chakula. Mgeni amefika Kilwa, bahari ipo hatua chache, na menyu inasema chipsi kuku. Mimi nakula chipsi, siwalaumu. Lakini nani amekuja kusini kutafuta chipsi? Mpeni pweza wa nazi. Mpeni samaki wa kupaka. Msimu wa ming'oko mchemshieni ming'oko, mweleze kwamba ni mizizi ya porini na kwamba watu wa Lindi na Mtwara wakiwa Dar es Salaam wanaililia. Mwekeeni korosho za hapahapa, zilizokaangwa, si zile za pakiti zilizozunguka dunia zikarudi. Abiria wa mabasi ya kusini wanajua basi likisimama Somanga wanateremka kununua samaki wa kukaanga. Pale hakuna tangazo wala bango. Pana samaki wazuri na watu wanaojua basi linafika saa ngapi.

Sasa niseme na waongoza watalii peke yao, wengine mnaweza kusikiliza. Acheni kuwasomea wageni miaka. Karne ya 11, karne ya 14, 1505, 1512, mgeni haoni chochote, anasikia namba. Mwonyesheni kitu kimoja na mkae nacho. Chukueni sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba, ndogo, nyingine hazizidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pameandikwa jina la Sultani, mathalani Ali bin al-Hassan. Geuza upande wa pili: anamtumaini Bwana wa neema, na kwa Kiarabu neno hilo la mwisho ni al-minan. Al-Hassan, al-minan. Vina! Walitia vina kwenye pesa. Sultani na mtunzi wamekaa kwenye shaba moja, na pande mbili za sarafu zinajibizana kama mishororo ya shairi. Mweleze hivyo mgeni anayetoka nchi za Waswahili, atacheka kwa furaha, maana anajua watu wa pwani na vina. Kisha mwambie kwamba sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule. Hapo umempa kitu cha kuhadithia akifika kwao.

Lakini kuna jambo linafanyika kwa siri na lazima lisemwe. Mvua ikinyesha au mawimbi yakila ufukwe, sarafu na vipande vya kaure vinajitokeza, na kuna watoto wanaviokota na kuwauzia wageni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Na hata isingekataza, hesabu yake ni mbaya: sarafu ikiondoka imeondoka. Anayeiuza leo kwa bei ya soda amemnyang'anya mwongozaji wa kesho.

Mawimbi hayo niliyoyataja si ya kupuuzwa. Mwaka 2004 magofu yetu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Bahari ilikuwa inakula kingo, kuta zilikuwa zinaanguka, miti ilikuwa imeota ndani ya misikiti. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, na miongoni mwa walioyatoa ni mafundi wa hapahapa, watu wa Kisiwani na vijiji jirani waliojifunza kuchoma matumbawe, kuloweka chokaa, na kujenga kwa namna ile ile ya wazee. Fundi wa chokaa ni kivutio kuliko ukuta wenyewe. Mgeni anaweza kukaa asubuhi nzima anamtazama mtu anajaza ufa kwa chokaa, anauliza kwa nini asitumie saruji, na fundi anamjibu kwamba saruji ni ngumu mno, inabana unyevu na chumvi ndani, ukuta wa matumbawe unapasuka. Nani amewahi kumpeleka mgeni kwa fundi? Naona mikono miwili. Nyuma pale, wa tatu. Bado.

Kuhusu Gereza, ile ngome ya kale, maana ndilo jengo la kwanza mgeni analoliona akikaribia kisiwa: tafadhali tulieleze sawasawa. Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Jengo linalosimama leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wa karne ya 19 mwanzoni, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Basi. Mkisema "ngome ya Wareno" na kunyamaza, atakayekuja na kitabu mkononi atawasahihisha mbele ya wenzake.

Nimezungumza Kilwa kana kwamba kusini ni Kilwa tu. Wenzetu wa Lindi na Mtwara wamo humu, na wameanza kunitazama vibaya.

Lindi wana mfupa. Mnaujua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, wakachukua zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, na dunia nzima inakwenda kumtazama. Kila mwaka tunajadili kama arudishwe au asirudishwe. Mjadala huo ni halali, uendelee huko bungeni na serikalini, na mimi nina upande wangu. Ila wakati tunausubiri, kuna nusu ya hadithi ambayo haikupanda meli. Mifupa ile ilichimbwa na mikono ya nani? Mamia ya watu wa kusini. Ilifika bandarini vipi? Hakukuwa na gari. Ilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, mpaka Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walipompa jina dinosaria mmoja wa Tendaguru walimwita Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Mtu wa kwetu ana dinosaria mwenye jina lake! Ni watoto wangapi wa shule Lindi wanalijua jina la Boheti? Ile njia ya wabebaji, kutoka kilimani mpaka baharini, inaweza kutembewa upya. Mgeni atembee siku mbili, alale kijijini, ale kijijini, afike bandarini akiwa na miguu inayouma, ndipo aelewe tani 200 ni nini. Haihitaji mfupa hata mmoja kurudi.

Mtwara wana Mikindani. Livingstone alianzia pale safari yake ya mwisho mwaka 1866. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa gofu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza likalikarabati likawa hoteli, huku vijana wa pale wakifundishwa kazi za hoteli. Gofu limekuwa mahali pa kulala. Nalitaja kwa makusudi, maana Kivinje kuna nyumba za mawe ambazo bado zina kuta na milango, na kinachosubiriwa ni ziporomoke ili mtu achukue mawe akajengee choo. Kisha Mtwara wana Msimbati na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma. Wana wachongaji wa Kimakonde ambao kazi zao zinauzwa Dar es Salaam na Arusha kwa bei ambayo mchongaji mwenyewe angeisikia angekaa chini.

Ukiunganisha haya, mgeni ana wiki nzima bila kurudia barabara ila ya kurudi. Na barabara ipo. Wazee mnakumbuka pantoni la Ndundu, mnakumbuka kulala kando ya Rufiji na kuku kwenye tenga mkisubiri kuvuka. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, na lami ikamalizika, Dar es Salaam hadi hapa ni safari ya kutoka asubuhi na kufika alasiri. Imekatika mara nyingine, kweli. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara upande wa Somanga, magari yakapanga foleni siku kadhaa. Ni haki kudai madaraja imara, na mimi nadai. Ila msimwambie mgeni wa Januari habari za Mei kana kwamba ndivyo ilivyo kila siku.

Mgeni ninayemtaka kwanza, na hapa najua tutabishana, ni Mtanzania. Huyu hahitaji viza wala mkalimani. Mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye mapumziko ya Pasaka au Idi anakwenda Zanzibar kwa sababu anajua akifika atakuta nini na kwa bei gani. Kilwa hajui. Akipiga simu, mmoja anamwambia mashua bei hii, mwingine mara tatu yake, wa tatu anamuuliza kwanza "uko na Wazungu?" Tubandike bei. Bei ya mashua kwenda Kisiwani, bei ya kwenda Songo Mnara, bei ya mwongozaji, bei ya chumba, ubaoni, pale bandarini na pale Nangurukuru mtu anaposhuka basi. Bei ikijulikana, mtu anapanga. Akipanga, analala. Shule nazo ni hivyo hivyo: mwalimu hawezi kuomba kibali cha kuleta wanafunzi sitini kama hajui gharama.

Kuna mzee wa Kisiwani aliniuliza swali kabla hatujaanza, na ameniruhusu nilijibu mbele ya wote. Anasema: mnataka wageni walale, kisiwa ni chetu, tuna misikiti yetu, tuna mabinti zetu, tuna makaburi yetu yamo ndani ya hayo magofu yenu. Tutaishije?

Swali hilo lina haki ya kutangulia mengine yote, na linajibiwa na wenye kisiwa, si mimi wala TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, wanaosimamia magofu. Ila nina mawazo matatu ya kuanzia. Kwanza, malazi yawe Masoko na Kivinje, na Kisiwani ziwe nyumba chache tu ambazo wenyeji wenyewe wamezikubali, kwa idadi waliyoipanga wenyewe. Pili, mgeni aelezwe mavazi kabla hajapanda mashua, na nahodha awe na kanga mbili tatu za kuazima. Akifika kisiwani tayari mmeshachelewa, mtamwaibisha na kujiaibisha. Tatu, pawepo saa za magofu na saa za kijiji. Ijumaa mchana hakuna ziara. Mnadhani mgeni atakasirika? Atangojea chini ya mwembe, atanunua dafu, na atakuwa na jambo la kuuliza.

Ada inayokusanywa kisiwani, kiasi gani kinabaki kisiwani? Mzee hakuliuliza hilo, ila aliponiangalia nilijua analitaka. Mwakilishi wa halmashauri yumo ukumbini, nimemwona. Nakaa, ili yeye asimame na kutujibu.